Mume kalipia luau, mtoto ana mzio, mama hataki hata kumwona nguruwe

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Mombasa. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko Seattle na mume wangu na watoto wetu wawili. Aprili, watoto wakifunga shule, tunakwenda Hawaii, kisiwa cha Oahu, kwa siku saba. Hatuendi peke yetu. Mume wangu anafuatana na wenzake watatu wa kazini na familia zao, mmoja wao ni mkubwa wake. Mama yangu mzazi, ambaye yuko kwetu tangu Novemba, naye tunakwenda naye.

Mke wa huyo mkubwa ndiye aliyejitolea kupanga mambo. Ametafuta luau, yaani karamu ya Kihawaii, ya ufukweni: ngoma, vinywaji mpaka mtu achoke, chakula cha bafe, na katikati ya sherehe nguruwe mzima anafukuliwa shimoni watu wakipiga picha. Mume wangu akamwambia, "Tuhesabuni." Ametoa arubuni kabla ya kuniuliza. Pesa zilizobaki zinatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Sisi ni Waislamu. Nguruwe hatuli, na nyama tunayokula ni ya kuchinjwa. Hilo nimelizoea, nchi hii unajifunza kuishi na samaki na mboga ukiwa nje. Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa kiume. Ana miaka tisa na ana mzio wa korosho, makadamia, lozi na jamaa zao wote, pamoja na ufuta. Nazi anakula bila shida, na njugu nyasa pia. Alipokuwa na miaka mitatu, tuko harusini nyumbani, mtu alimmegea halua yenye korosho. Hazikupita dakika kumi midomo imevimba na pumzi inapiga filimbi. Mungu alisaidia hospitali ilikuwa karibu. Tangu siku ile sindano ya adrenalini haitoki mkobani mwangu.

Mama naye ana sukari, tena ni mtu wa zamani. Sidhani kama atakubali kukaa meza moja na watu wanaokula nguruwe, sembuse kumtazama akibebwa. Bado sijamwambia. Wifi yangu aliyeko Toronto amesema kwenda luau ni kwenda kumshangilia nguruwe, tubaki hotelini.

Mume wangu anasema nakuza mambo. "Tutakula wali na saladi, tutatazama ngoma, tutarudi kulala." Ameniomba nisimwaibishe mbele ya mkubwa wake. Mwaka jana kwenye chakula cha ofisi nilimuuliza mhudumu mara tatu kuhusu mchuzi, na mmoja wa wale wake za watu akacheka, akasema afadhali nije na sufuria yangu. Niliporudi nyumbani nililia.

Nataka kujua, somo: kuna luau ya kwenda watu kama sisi? Tuichagueje? Au wifi yangu ana haki?

Mwenye Masharti Mengi, Seattle

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yale machozi, na yule aliyekucheka mwache. Aliyemwona mtoto wake akitafuta pumzi hachekwi kwa kuuliza mchuzi una nini.

Nianze na "wali na saladi," maana ndiyo maneno yaliyonitisha kuliko yote barua nzima. Mueleze baba watoto kwamba kwa mwanawe, saladi huenda ikawa ndicho chakula cha hatari kuliko vyote mezani. Mapishi ya Hawaii yamechanganyika na ya Kijapani, Kichina, Kikorea na Kifilipino tangu enzi za mashamba ya miwa, na mchuzi wa saladi kule mara nyingi una mafuta ya ufuta au punje zake. Makadamia, zile zile zinazolimwa Embu na Murang'a, kule ndizo fahari ya visiwa: zinasagwa juu ya samaki, zinanyunyizwa juu ya keki, zinatiwa kwenye mkate. Wali mweupe mtupu, sawa. Lakini ukiwa wa kukaangwa, tegemea vipande vya Spam, ile nyama ya nguruwe ya kopo, au soseji ya nguruwe humo ndani. Kwa hiyo huo mpango wa mumeo unaonekana mwepesi, na haumlindi mtoto wala haulindi dini.

Sasa tutenganishe mambo, kwa sababu umeyafunga yote kitita kimoja ndiyo maana yamekuwa mazito. Kuna mzio wa mtoto. Kuna halali. Kuna moyo wa mama. Halali ukikosea bila kujua, Mola ni mwingi wa kusamehe. Mama akichukizwa, utamwomba radhi. Mzio hauna toba. Kwa hiyo kila unapopima luau, pima kwanza kwa mtoto, na ikishindwa hapo usiendelee kusoma habari za ngoma.

Nikwambie yaliyonikuta. Mara ya kwanza nilipokwenda Oahu na mwanangu, tulikwenda luau moja ambayo siitaji. Nilijiona mjanja, mtu niliyepika harusi za watu miaka ishirini, nani atanidanganya kwenye bafe? Nikampita nguruwe kwa mbali, nikapita kuku, nikajipakulia kabichi. Kabichi, mwanangu! Tonge la pili nikauma kitu kama uzi. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akihudumu, akanijibu kwa adabu kabisa kwamba hiyo imepikwa pamoja na nguruwe wa shimoni, "kidogo tu, kwa ladha." Hakunidanganya. Mimi ndiye sikuuliza. Kule kabichi na nguruwe ni kama huku maharage na nazi, mwenyeji haoni haja ya kutaja.

Toka siku hiyo siulizi "hiki kina nguruwe?" Nauliza "hiki kimepikwa na nini, kwenye chombo gani, na kijiko hiki kilikuwa wapi?"

Kuhusu wifi yako. Anakosea, ingawa si kosa la ubaya. Luau si jina la nguruwe. Lūʻau ni jani, jani changa la majimbi, haya haya yetu. Karamu yenyewe zamani waliiita ʻahaʻaina au pāʻina. Jina la jani likahamia kwenye karamu baadaye, na katika maandishi limeonekana tangu 1856. Tena kuna jambo ambalo ningependa mama yako alisikie. Zamani Hawaii ilikuwa na miiko mikali ya chakula, waliyoiita kapu, neno ambalo ni ndugu wa hilo "taboo" la Kizungu lililoenea duniani. Wanaume na wanawake hawakula pamoja. Mwanamke alikatazwa nguruwe, nazi, na ndizi za aina nyingi, na adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 1819, baada ya kufa mfalme Kamehameha wa Kwanza, mwanawe Liholiho alikaa hadharani akala na wanawake, wajane wa mfalme, Kaʻahumanu na Keōpūolani, wakiwa nyuma ya shauri hilo, na mwiko ule ukavunjika. Kwa hiyo unapomwambia Mhawaii kwamba mama yako hagusi nguruwe, hutamshangaza. Bibi zake waliishi hivyo, ingawa si kwa hiari yao.

Na wao na sisi tuna ujamaa wa mbali. Muulize mvuvi wa Lamu au wa Zanzibar aangalie mitumbwi ya Hawaii yenye ubao wa pembeni, atakwambia hiyo ni ngalawa iliyokatwa mguu mmoja. Lugha yao ni ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagaska. Basi meza ya luau ukiitoa nyama, utakuta vitu unavyovijua: majimbi, viazi vitamu, mashelisheli, ndizi, tui la nazi, samaki. Hapo ndipo penye chakula chenu, na si kidogo.

Nikupitishe mezani, polepole, maana hapa ndipo penye mitego.

Poi ni majimbi yaliyopikwa yakapondwa na maji mpaka yakawa kama uji mzito wa rangi ya zambarau iliyofifia. Yakilala siku mbili tatu yanachachuka, na wenyeji wengine ndivyo wapendavyo. Mtoto atakunja uso, mama yako ataomba sukari na utamnyima. Poi haina ufuta, haina korosho, ni chakula safi kabisa ilimradi kijiko chake hakijahama bakuli. Mama aichukue kwa kiasi, ni wanga mtupu ile.

Kālua maana yake ni kupika shimoni. Mawe yanachomwa mpaka yanawaka, nguruwe anawekwa, anafunikwa majani ya migomba na ya mti uitwao ti, kisha magunia na udongo, anakaa humo masaa. Shimo lenyewe ni imu. Kinachokuhusu hapa ni kwamba mara nyingine viazi vitamu na majimbi huwekwa shimo hilo hilo, na mafuta ya nguruwe hayajui mipaka. Uliza viazi vimepikwa wapi. Jibu likiwa "jikoni, kwa mvuke," kuleni.

Laulau ni kitu kilichofungwa kwa majani ya majimbi na kupikwa kwa mvuke, na ndani ya majani ni nguruwe na samaki. Hata ile inayoitwa ya kuku au ya samaki, uliza kama hawakutia kipande cha mafuta. Mimi huipita.

Pweza au ngisi aliyepikwa na majani ya majimbi kwa tui la nazi, hicho kinaitwa squid lūʻau, na ukifumba macho utadhani uko Malindi. Majani haya lazima yaive sana, bila hivyo yanawasha koo, wewe unajua majimbi. Hapo sasa usichanganye: mtoto akisema koo linamkuna baada ya majani yasiyoiva, mtu atakwambia "ni majimbi tu." Wewe mchukulie kama ni mzio mpaka ithibitike vingine.

Lomi ya samoni ni kama kachumbari yetu iliyotiwa samaki wa chumvi: nyanya, kitunguu, samoni. Nzuri. Poke ni samaki mbichi aliyekatwa vipande, na hiyo mtoto asiikaribie hata kwa harufu. Ina mafuta ya ufuta karibu kila mara, na iliyotengenezwa kienyeji hutiwa inamona, yaani kokwa za mti wa kukui zilizokaangwa na kusagwa. Na kwa kuwa nimetaja kukui: mgeni akifika luau huvishwa shada shingoni. Mengine ni ya maua, mengine ni ya kokwa za kukui zilizong'arishwa kama shanga. Kwa mtoto wako sema mapema mnataka la maua. Sisemi shada la kokwa litamdhuru, nasema kwa nini ujipe kazi ya kuliwazia usiku kucha.

Kuku atakuwa wa kuchoma na mchuzi wa soya, au wa tambi nyembamba na tangawizi. Hakuchinjwa Kiislamu, isipokuwa wakuoneshe cheti. Najua wako Waislamu Marekani wanaokula kwa hoja ya nyama ya Watu wa Kitabu. Hayo mzungumze na sheikh wenu, mimi si mufti. Nakwambia tu kwamba ukiwauliza "mna halali?" wengi watakujibu ndiyo wakidhani halali ni kutokuwa nguruwe. Na michuzi yao ya kuchomea hutiwa divai ya mchele. Samaki ndiye rafiki yako: omba achomwe kwa chumvi na limau, kwenye sufuria yake, bila mchuzi. Ukiona kwenye orodha samaki wa mahi-mahi, soma sentensi mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni ndipo makadamia hujificha.

Haupia ni kitindamlo cha tui la nazi, kigumu kiasi cha kukatwa vipande, kama faluda ya nyumbani bila rangi. Asili yake kilishikishwa na wanga wa mmea uitwao pia, siku hizi ni wanga wa mahindi, na jiko la haraka linaweza kutia jelatini. Uliza hiyo jelatini, maana asili yake inaweza kuwa nguruwe. Kuhusu nazi kuna mkanganyiko mmoja lazima uujue. Mpaka Januari 2025, mamlaka ya chakula ya Marekani iliihesabu nazi katika kundi moja na korosho na makadamia. Wahudumu wengi bado wanasema hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa "haupia ina vitu vya mzio," usikimbie na usipuuze. Uliza ni nazi peke yake au kuna kingine juu yake.

Na hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Hatuna neno moja la kukusanya korosho, lozi, makadamia na wenzao. Tukisema "njugu" mtu wa Mombasa anawaza njugu nyasa. Unapozungumza na jiko, usitegemee neno la jumla hata la Kizungu. Mtaje kila mmoja kwa jina lake, na ufuta umtaje peke yake, kwa sababu watu wengi hawaukumbuki. Ufuta umeingia kwenye orodha ya vyakula tisa vikuu vya mzio vya Marekani tarehe 1 Januari 2023 tu. Na sheria hiyo inalazimisha maandishi kwenye vyakula vya pakiti. Sahani ya bafe haina lebo inayolazimishwa. Ulinzi wako ni mpishi na ulimi wako.

Ndiyo maana nasema usichague luau kwa picha za wacheza moto. (Ule mchezo wa kisu cha moto wenyewe asili yake ni Samoa, wala si Hawaii, lakini watoto wataupenda mno.) Chagua kwa namna chakula kinavyomfikia mtu na kwa namna wanavyokujibu. Luau inayohudumia mezani, sahani ikitoka jikoni na jina lako, kwa mtoto wako ni bora mara nyingi kuliko bafe. Bafe ya watu mia kadhaa ni vijiko kuhama, ni mtoto wa jirani kudondosha chembe za makadamia kwenye wali. Ikiwa ni bafe, basi wakubali jambo moja: sahani ya mtoto ipikwe na ipakuliwe jikoni kwa vyombo safi, isipite kabisa kwenye meza ile. Wengine hukubali bila shida. Wengine watakwambia hawawezi kuahidi chochote. Hao usiwakasirikie, wamekwambia kweli kabla hawajachukua pesa yako. Wa kuogopa ni yule anayejibu "hakuna wasiwasi, tuna vingi vya kula" bila kukuuliza mtoto ana mzio wa nini.

Waandikie barua pepe leo, kisha piga simu. Barua ni ya ushahidi, simu ni ya kusikia sauti. Usizungumze na wauza tiketi, omba mpishi au msimamizi wa jikoni, na piga mchana mapema, kwa saa za Hawaii, kabla ya pilikapilika za jioni. Kumbuka wao hawabadilishi saa, kwa hiyo Aprili wako nyuma yenu kwa masaa matatu. Siku tatu kabla ya sherehe piga tena, kwa sababu aliyepokea simu ya kwanza anaweza kuwa likizo. Siku yenyewe fikeni mapema, mtafute msimamizi kabla ya kukaa, na umwonyeshe mtoto kwa uso. Mtu akishamwona mtoto hatasahau kama anavyosahau karatasi.

Sindano ziwe mbili, kwa kuwa mara nyingine ya kwanza haitoshi. Ziwe mkobani kivulini, zisiachwe kwenye gari la moto wala zisitiwe kwenye barafu pamoja na soda. Mumeo naye ajue kuichoma. Ikichomwa, 911 inapigwa hapo hapo, hata mtoto akionekana amepoa.

Sasa unataka jina. Kwa Oahu, mahali ambapo ningewapeleka watu wa nyumbani kwanza ni Polynesian Cultural Center, kule Laie, kaskazini mwa kisiwa, mwendo wa saa moja au zaidi kwa gari kutoka Waikiki, mtaa wa mahoteli. Ilifunguliwa 1963 na inamilikiwa na kanisa la Wamormoni, wengi wa wafanyakazi wake ni wanafunzi wa chuo kilicho jirani. Pombe haiuzwi pale, kwa hiyo hakuna mlevi atakayemwagia mama yako kinywaji. Jumapili hufungwa. Mchana kutwa mnatembea vijiji vya Hawaii, Samoa, Tonga, Tahiti, Fiji na Aotearoa (yaani New Zealand), watoto wanajifunza kufua nazi na kupiga ngoma, na usiku kuna onyesho kubwa. Uzuri wake kwa familia yako ni kwamba chakula si kitu pekee cha siku hiyo. Tiketi zao ni za aina nyingi, na unaweza kuingia vijijini na kutazama onyesho bila kununua luau. Mkiona jiko halijakuridhisha, mnakula chenu mapema, mnafurahia vingine vyote, na wali wenu mnaujua ulikotoka. Nguruwe yupo katika luau yao, usidanganyike. Lakini pale unaweza kumkwepa bila kuikosa siku.

Visiwa vingine nisikuchoshe navyo. Msipande ndege kwenda Maui kwa ajili ya chakula cha jioni.

Na ile aliyoipanga mke wa mkubwa? Ipe nafasi ya haki. Waandikie maswali yale yale. Wakikubali sahani ya jikoni kwa mtoto na samaki mtupu kwenu, nendeni, hata vinywaji vikiwa vinamwagika, mkae meza ya pembeni. Wasipojibu mpaka Jumatano, muda wako umekwisha: mume atasema kwa upole kwamba jiko halikuweza kumhakikishia usalama wa mtoto, na kwamba siku hiyo familia yake itakwenda Laie, wengine wakipenda wafuatane. Arubuni ikipotea, ipotee. Uliza masharti ya kurudishiwa kabla ya Ijumaa, huenda isipotee.

Simu hiyo ya jikoni, mwanangu, apige yeye. Narudia, apige mumeo. Wewe umekuwa mwulizaji wa nyumba nzima kwa miaka sita, ndiyo maana watu wanakuona wewe ndiye mwenye masharti. Masharti ni ya mtoto, na mtoto ana baba. Akishalitamka neno "ufuta" mara tano kwa mtu wa upande wa pili, hatasema tena wali na saladi. Na mbele ya mkubwa wake ndiye aseme, "Mwanangu ana mzio, tunasubiri sahani yake." Baba akisema hivyo mezani, hakuna atakayemtajia sufuria.

Tuje kwa mama. Kosa lako moja ni kutomwambia. Umemkatia hukumu bila kumsikiliza. Mweleze yote: kutakuwa na nguruwe, atatolewa shimoni saa fulani, sisi hatutamla, tutakaa mbali. Ile shughuli ya kufukua imu hutangazwa, na hakuna anayelazimishwa kuifuata. Muda huo mpeleke mama akatazame wanaofuma ukili, atawakosoa na atafurahi. Tena mwezi wa Aprili jua la Honolulu linazama karibu saa moja kasorobo, katikati ya sherehe hasa. Maghribi inawakuta pale. Chukueni chupa ya maji na mswala, tafuteni pembe ya bustani kabla onyesho halijaanza, wala msione haya. Ijumaa ikiwakuta huko, msikiti uko Manoa, Honolulu penyewe.

Akisema hapana, ni hapana, na mmoja wenu akae naye. Kodini chumba chenye jiko. Poi na haupia zinauzwa madukani kwenye pakiti zenye maandishi, samaki wabichi wamejaa, na mama mwenyewe atawapikia majani ya majimbi kwa tui, hamtatamani ya mtu.

Lakini akikubali, na nadhani atakubali akiulizwa vizuri, jiandae kwa swali lake moja. Ataona bakuli la kijani, atalinusa, atasema, "Hii si mboga yetu hii?" Wewe mwambie asubiri kwanza, mkwe wake amekwenda jikoni kuuliza imepikwa na nini.